Muulize Fundi: Visu vya mfukoni

Toleo lililopita nilieleza namna ya kubadilisha mpira wa mlango wa friji, na katikati ya maelezo nikasema, kwa kupita tu, kwamba kazi hiyo mimi huifanya kwa kisu changu cha mfukoni. Mpira wa mlango mmeusahau wote. Barua zilizoingia zinauliza kisu. Basi leo friji zipumzike.

“Shikamoo Fundi. Mimi ni bwana shamba, nazunguka vijiji vya Muheza kwa pikipiki. Kutwa nahitaji kisu: kukata kamba za katani, kufungua mifuko ya mbolea, kumenya chungwa, kukaza skrubu ya taa ya pikipiki, na msimu ukifika nawabebeshea wakulima miche ya michungwa. Dukani nimeonyeshwa kisu kipana cheusi, ukikibonyeza kwa gumba kinafyatuka, ubavuni kina picha ya mbwamwitu. Nichukue hicho? Kama si hicho, nitajie kimoja tu cha kufanya kazi zote.” Bwana shamba, Muheza

Marahaba, mwanangu. Cha mbwamwitu kiache kwenye kabati la kioo, pale kinapendeza. Visu vya namna ile huwa vinene mgongoni, milimita 3 na zaidi, kwa sababu wanunuzi wengi hupima ubora wa kisu kwa uzito wake mkononi. Jaribu kukatia chungwa: kinaingia kama kabari, kinapasua badala ya kukata, na maji ya chungwa yanaishia kwenye shati. Kwa kamba ya katani ndiyo usiseme. Nyuzi zake ni ngumu, zinataka makali membamba yanayovutwa. Ukizikandamiza kwa ubapa mnene utasukuma, utasukuma, na siku kamba itakapokatika ghafla ubapa utaishia gotini.

Halafu kuna watu. Umeingia kwenye uwanja wa mzee kumweleza habari za mbolea, mara unachomoa kitu cheusi, kinafyatuka “kwap!” mbele ya wajukuu zake. Mengine yote utakayosema hapo hayasikilizwi. Mimi riziki yangu imetoka majikoni mwa watu, Ngamiani, Chumbageni, Raskazone, na huko Tanga, nilichagua kisu kinachofunguliwa taratibu kwa ukucha kabla hata sijaangalia chuma chake, maana mama mwenye nyumba hashtuki.

Mtu akiniuliza anunue kisu gani, kwanza namuuliza wiki iliyopita alikata nini. Wewe umenijibu kabla sijauliza, ndiyo maana barua yako imetangulia. Kamba, mfuko, chungwa, skrubu. Hapo hakuna kinachodai ubapa unaozidi sentimita 8. 6 au 7 zinatosha na kubaki. Ubapa mfupi na mwembamba unaukata mfuko bila kuichimba mbolea, na ukikaa mfukoni haukuchomi paja unapopanda pikipiki.

Kwa hiyo nakupeleka Uswisi, kwenye visu vya Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, jimbo la Schwyz, mwaka 1884, na kazi iliyomjenga ni visu vya askari. Jeshi lao lilikuwa limepata bunduki mpya ambayo huwezi kuifungua kuisafisha bila bisibisi, na chakula cha askari kilikuwa kwenye makopo. Ndiyo maana bisibisi na kifungua kopo vimo humo tangu zamani hizo. Kile chembamba zaidi, cha maofisa, kilifuata mwaka 1897, na visu vyekundu vya leo ni uzao wake.

Aina ziko nyingi mno, usizifuate zote. Kimoja kinachojulikana sana ni Spartan: kikikunjwa kina urefu wa milimita 91, uzito kama gramu 60, ubapa mkubwa na mdogo, kifungua kopo, kifungua chupa chenye bisibisi bapa, maharazi ya kutobolea, na kizibuo cha mvinyo. Huko Muheza sioni mvinyo utakaozibua, ingawa kile kizibuo kina siri yake: hakuna kitu kinachofungua fundo la kamba lililokaza vizuri kuliko hicho. Ndugu yake anaitwa Tinker. Ni yuleyule, ila mahali pa kizibuo pana bisibisi ya nyota. Kwa mtu wa pikipiki, Tinker. Mimi mwenyewe natembea na Pioneer, chenye mabamba ya alumini badala ya plastiki nyekundu, kwa sababu plastiki hupasuka ikidondoka kwenye sakafu ya saruji na kazi yangu ni ya kupiga magoti kwenye saruji. Hakina bisibisi ya nyota, lakini ile bisibisi ndogo iliyo kwenye ncha ya kifungua kopo inaingia kwenye skrubu nyingi za nyota. Nayo nimekuwa nikifungulia vifuniko vya friji miaka nenda miaka rudi.

Onyo moja. Visu hivi vya ukubwa huu ubapa haujifungi ukiwa wazi. Unashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Kata kwa kuvuta. Usichome nacho kitu kigumu, kwa kuwa ubapa ukijikunja utakuta vidole vyako njiani. Kutoboa ni kazi ya maharazi.

Sasa kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Hapo kisu cha mfukoni kikae pembeni. Kisu cha kubebeshea hunolewa upande mmoja tu, upande wa pili unabaki bapa kabisa, ili mkato wa kikonyo unyooke na ulale sawasawa juu ya mkato wa shina bila kuacha mwanya. Wewe unayajua haya kunishinda. Na kisu kilichochana mfuko wa mbolea asubuhi, kikakata kamba yenye mchanga, kisha kikamenya chungwa, usikipeleke mchana kwenye jicho la mche wa mtu. Makali yameshakwaruzika na uchafu umo. Cha kubebeshea kikae peke yake kwenye ala yake pamoja na kichupa cha spiriti, kipanguswe kila unapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Najua uliomba kimoja. Jibu ni viwili.

“Fundi, hujambo. Nauza matunda Likoni, Mombasa. Mpwa wangu aliye Ufaransa kaniletea kisu cha mpini wa mti chenye pete ya kuzungusha. Kinakata vizuri ajabu, lakini kimekuwa cheusi, na kuna asubuhi hakifunguki hata nikivuta kwa meno. Kimeharibika?” Mama matunda, Likoni

Sijambo, bibie, na meno yaache yatafune. Hicho ni Opinel. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza milimani Savoie mwaka 1890, kwa ajili ya wakulima na wachungaji, na mpaka leo havijabadilika sana zaidi ya ile pete iliyoongezwa mwaka 1955 ili ubapa usijikunje ukiwa kazini. Hukunieleza namba yake. Tazama kwenye mpini. Nina hakika utaona 8, ubapa wa sentimita 8 na nusu, hicho ndicho wanachopeana watu.

Weusi usikutishe. Tazama ubapa, utakuta neno CARBONE. Hicho ni chuma cha kaboni, hakina kromi ya kukilinda, kwa hiyo limau, embe na nanasi vinakigeuza rangi. Weusi na ubuluu huo ni ngozi nyembamba inayojishika juu ya chuma na hata inapunguza kutu. Adui ni wekundu. Ukiona madoa mekundu, na huko kwenu upepo wa bahari huyaleta kwa usiku mmoja, yasugue kwa sufi laini ya chuma, kausha, upake mafuta. Yasiwe ya alizeti, maana yanakauka na kunata, vumbi linaganda. Nunua famasi mafuta ya parafini yale meupe ya kunywa, si mafuta ya taa, hayana harufu, hayachachi, na hayatadhuru matunda yako.

Kutofunguka ni mti. Mpini wa mti wa beech unakunywa unyevu, unavimba, unaubana ubapa. Basi shika kisu kikiwa kimekunjwa, pete ikiwa imefunguliwa, ugonge kisogo cha mpini kwenye ukingo wa meza, upande ule ambao ncha ya ubapa inalala. Ubapa utaruka nje kidogo, umalize kwa vidole. Wenyewe kule Savoie ndivyo wanavyofanya. Usikiloweke kwenye beseni la maji pamoja na visu vingine, kipanguse. Na mpwa wako akiuliza siku nyingine akuletee nini, mwambie hichohicho, ila kilichoandikwa INOX, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kwa muuza matunda wa pwani hicho ndicho hasa. Cha kaboni ni raha ya kunoa, lakini kinataka mtu mwenye nafasi ya kukilea.

“Assalam alaykum Fundi. Niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi ghalani usiku, kufungua maboksi na kukata mikanda ya plastiki. Marehemu baba aliniachia Okapi yake ya zamani, mpini wa mbao wenye nyota, ina kipete cha kuvuta. Natamani nitembee nayo kazini kila siku, inanikumbusha nyumbani. Ushauri wako?” Kijana wa Leicester

Waalaykum salaam. Mungu amrehemu mzee wako. Alikuwa na kisu kilichotembea Afrika nzima: Wajerumani walianza kukitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya bara hili, wakakipa jina la mnyama wa msitu wa Ituri kule Kongo, na tangu miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Chuma cha kaboni, rahisi kunoa, sauti yake ya “kre-kre-kre” kikifunguliwa inajulikana kuanzia sokoni mpaka kituo cha polisi.

Na hapo kwenye polisi ndipo nataka unisikilize. Kiache nyumbani.

Sheria ya England na Wales, ile ya mwaka 1988 kifungu cha 139, inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kuulizwa sababu iwapo tu makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Baadaye mahakama kuu yao ikaongeza jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawalijui: kisu kinachojifunga kikiwa wazi, kwa hesabu ya sheria hiyo, si cha kukunja tena hata kikiwa kifupi. Okapi yako inajifunga, ndiyo kazi ya kile kipete. Hata cha yule mama wa Likoni, kwa ajili ya pete yake, kingekutia matatani mtaani kwenu. Ukikutwa nacho, ni juu yako kuthibitisha kwamba ulikuwa na sababu ya msingi. Kazi inaweza kuwa sababu, lakini askari atauliza kwa nini mwajiri hakukupa cha kukatia maboksi, na utasema nini? “Kinanikumbusha nyumbani” haitoshi. “Najihami” ndiyo mbaya zaidi, usiitamke kabisa. Adhabu inafika kifungo cha miaka 4, na wewe huenda una makaratasi ya ukaazi yanayosubiri.

Kazini tumia kikatio cha ghala, kile cha wembe uliojificha. Kimetengenezwa kwa maboksi, wembe ukichoka unabadilisha, na hakikati bidhaa iliyo ndani. Mfukoni, ukiona huwezi kukaa bila kisu, Spartan niliyomtajia bwana shamba ubapa wake haujifungi na uko chini ya inchi 3. Hata hicho, ukikichomoa kwenye ugomvi kinageuka silaha siku hiyohiyo. Okapi ya baba imenyee chungwa Ijumaa jikoni kwako, uipake mafuta, uirudishe droo.

“Fundi, nimeuziwa kisu cha Uswisi chenye vifaa 30 kwa shilingi 10,000. Nimepata au nimepigwa?” Dereva, Dar es Salaam

Umepigwa, ndugu yangu, lakini si sana, ni elfu 10 tu. Fungua ubapa mkubwa utazame shina lake, pale unapoingia kwenye mpini. Cha kweli kimechongwa VICTORINOX na SWISS MADE, herufi zimenyooka. Kishike ukielekeze kwenye mwanga: kati ya tabaka na tabaka hutakiwi kuona mwanga ukipenya. Ukifungua, kila kifaa kinasimama kwa mlio mmoja mkavu na hakitikisiki kushoto kulia. Cha elfu 10 vifaa vinafunguka vitatu kwa pamoja, mkasi hautafuni uzi, na bisibisi inapinda kwenye skrubu ya kwanza.

Hata kingekuwa halisi, vifaa 30 vya nini? Kisu kinene hivyo hukiweki mfukoni, unakiacha kwenye gari, na siku ya shida gari liko kwa fundi. Ikiwa gari ndilo shida yako, unachotaka ni koleo. Mmarekani Tim Leatherman alitoa ya kwanza mwaka 1983, koleo inayokunjwa yenye kisu, tupa na bisibisi kwenye mikono yake. Lile toleo lao la Wave lina gramu zaidi ya 240, mara nne ya Spartan. Kwenye ubao wa gari ni tunu. Kwenye suruali ya kitambaa inakuvua suruali.

“Shikamoo. Kisu changu nilimpa yule kijana wa jiwe la baiskeli anayenoa visu vya mabuchani. Kilirudi kinawaka, lakini baada ya siku chache kimekuwa butu kuliko mwanzo. Nikinoe vipi mwenyewe?” Mwalimu, Lushoto

Marahaba, mwalimu. Kijana hana kosa, jiwe lake ni la visu vya bucha, chuma kingi. Kwenye ubapa mwembamba jiwe likizunguka bila maji linapandisha joto, na chuma kikigeuka buluu pembeni ya makali basi ugumu wake umeondoka. Ukiona buluu hiyo, sehemu hiyo itabidi inolewe polepole mpaka iishe.

Nunua kinoo chenye pande mbili, upande wa namba 400, ule wenye chenga kubwa, na upande wa 1000, ule laini. Kiloweshe kwa maji yenye tone la sabuni. Ulalo ndio unaowashinda watu, kwa hiyo fanya hivi: simamisha ubapa wima juu ya jiwe, hizo ni digrii 90. Ulaze nusu, 45. Ulaze nusu tena, umebaki na 22 na kitu. Shusha kidogo tu na uutunze ulalo huo huo. Sukuma makali yakitangulia, kama unayechonga ngozi nyembamba juu ya jiwe, kuanzia kisigino mpaka ncha. Endelea upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole, kutoka mgongoni kuelekea makali, usikie kijichuma kinakwaruza. Hicho ndicho unachokitafuta. Wengi huacha kabla hakijatokea, ndipo wanaposema jiwe bovu. Kikitokea urefu wote, geuza, fanya upande wa pili mpaka kihame. Halafu upande wa 1000, mkono mwepesi, ukibadilisha upande kila msukumo. Malizia kwa kuvuta ubapa kinyume, mgongo ukitangulia, juu ya mkanda wa ngozi, ule wa suruali unatosha ukiwa ni ngozi kweli.

Jaribu kwa karatasi ya daftari, si kwa nywele za mkono mbele ya wanafunzi.

Huna kinoo leo? Geuza kikombe cha kaure. Ile duara ya chini isiyo na mng'ao ni jiwe laini tosha la kurudisha makali yaliyochoka, mradi hayajawa butu kabisa.

“Fundi, natumia mkono wa kushoto. Kila kisu nikikifungua nahangaika. Kuna vya kwetu?” Mashoto, Morogoro

Vipo. Ile alama ya kuingiza ukucha huchongwa upande unaomfaa mtu wa kulia. Victorinox wanatengeneza baadhi kwa ajili ya mashoto, ila huku ni lazima uviagizie. Opinel ina alama upande mmoja pia, lakini ubapa wake ni mpana kiasi cha kuubana kwa vidole viwili ukauvuta, hauhitaji ukucha. Anzia huko, ni rahisi na hungoji mzigo.

“Uwanja wa ndege Mwanza wamenichukulia kisu kidogo cha kwenye funguo, ubapa hata sentimita 4 haufiki. Wana haki?” Mfanyabiashara, Mwanza

Wanayo, na hutashinda kwa kubishana pale kwenye mashine huku foleni inakutazama. Tangu Septemba 2001 ukaguzi ulikazwa dunia nzima. Nchi nyingine zinaruhusu ubapa usiozidi sentimita 6, nyingine haziruhusu hata kidogo, na mkaguzi aliye mbele yako ndiye anayeamua. Kisu kiingie kwenye begi linalokwenda chini, kikiwa kimekunjwa ndani ya soksi. Kama unasafiri na begi la mkononi tu, kibaki nyumbani. Walinzi wa benki na wa majengo ya maduka nao ni hivyohivyo, ila wao kwa kawaida wanakiweka mezani na kukurudishia ukitoka. Kagua funguo zako usiku wa kuamkia safari, na za mkeo pia.